Herufi Kumi za Elfu Tano

Khainza ana daftari la kazi ndogo, na humo haandiki jambo ambalo hakulifanya kwa mikono yake mwenyewe. Safu zake ni sita, amezipiga kwa rula: tarehe, maneno yaliyokatwa, idadi ya herufi, rangi, dakika, bei. Madaftari saba ya namna hiyo yako mezani kwangu ninapoandika haya. Ameniazima kwa sharti moja, nisikunje pembe ya ukurasa. Duka langu ni la fotokopi na mihuri, nalo linapakana na duka la mabango anakofanya kazi, hapa Jinja. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba. Mengi ya haya niliyaona, na ambayo sikuyaona niliyasikia.

Alizaliwa upande wa Mbale, kwenye vilima vya kahawa, akasoma hadi kidato cha nne. Mwaka 1999 alikuja Jinja kumfuata mume aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha nguo, wakaishi chumba kimoja Walukuba. Kiwanda kilipopunguza watu, mume alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Aliandika barua mbili, halafu basi. Khainza alibaki na watoto wawili wadogo, akaanza kufagia katika duka la mzee Tarun, mwandishi wa mabango.

Mzee Tarun alikuwa mmoja wa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakiwa vijana na kurudi miaka ya tisini. Alirudi na mkewe Ansuya, mtoto mmoja wa kiume, na sanduku la brashi. Siku moja aliingia dukani akakuta makopo ya rangi yamepangwa kwa ukubwa, vifuniko vimefutwa, kila lebo inatazama mbele. Alimpa Khainza brashi nyembamba na kipande cha bati, akamwambia aandike herufi A mpaka jioni. Kesho yake ilikuwa B. Ilipofika Z, alimwambia arudie A, kwa kuwa sasa ataona makosa yake. Khainza anasema kweli aliyaona.

Juu ya meza ya kazi ndogo mzee alikuwa ametundika kibao: HERUFI MOJA SHILINGI 500. Zamani ilikuwa mia moja, kisha mia mbili. Ukikitazama kibao kwa upande unaona tarakimu za kale zikijitokeza chini ya rangi mpya. Kanuni ilikuwa hiyo tu. Ukubwa wa herufi haukuhesabiwa, wala nukta hazikuhesabiwa. Fundi mmoja wa baiskeli kutoka Buwenge, aliposikia nukta ni bure, aliagiza jina lake lizungushiwe nukta pande zote nne. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwekea nukta zake zote.

Mashine ya kukata stika ililetwa mwaka 2013 na Mayur, mwana wa mzee. Stika ni kama karatasi laini ya plastiki yenye gundi nyuma. Unaandika neno kwenye kompyuta, mashine inalichora kwa kisu kidogo, kisha mtu anang'oa kwa ncha ya sindano kila kisichokuwa herufi, hata tumbo la O na pembetatu iliyo ndani ya A. Baada ya hapo anabandika juu yake karatasi nyingine inayonata, anazibeba herufi zote kwa pamoja, anazilaza kwenye bati au kioo na kuzisugua kwa kipande cha plastiki kigumu. Khainza hutumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Brashi ziliwekwa kwenye droo. Mwaka 2016 mzee akafariki. Kibao kilibaki pale pale, na hakuna aliyefikiria kukigusa.

Mayur ni mtu wa mabango makubwa: vituo vya mafuta, shule, hoteli. Amefungua tawi Mbale na siku nyingi yuko njiani kati ya miji hii miwili. Khainza ni mtu wa meza ndogo. Kwake huja wavuvi wa Masese wanaotaka namba za mitumbwi, vijana wa bodaboda wanaotaka msemo nyuma ya kiti, wanawake wa saluni wanaotaka saa za kufungua mlangoni, na kila mwanzo wa mwaka, wazazi wenye masanduku ya bati ya watoto wanaokwenda shule za bweni. Watoto wake wawili walisoma kwa meza hiyo. Mayur mwenyewe alifanyia hesabu zake za shule kwenye kona yake, na mpaka leo humwita Khainza anti.

Kwa hiyo haikuwa rahisi kwake kusema alichokisema Januari ya mwaka 2025. Alisema amepata mashine kubwa ya kuchapa mabango, na mahali pekee inapoweza kukaa ni hapo penye meza. Kazi ndogo, alisema, zinakula siku nzima na kuleta pesa ya chai. Mayur akatazama sakafu, kisha akatoa nafasi. Zilikuwa zinakuja siku kumi na mbili za kazi kabla ya kidato cha kwanza kufunguliwa, msimu wa masanduku. Kama meza ingeleta wastani wa elfu sabini kwa siku, yaani laki nane na elfu arobaini kwa siku hizo zote, ingebaki.

"Isipofika," alisema, "sitakuwa na kazi ya kukupa, Anti. Kule Mbale wanataka vijana wanaojua hizi mashine mpya."

Khainza alikuwa anakaribia miaka hamsini. Alichukua daftari jipya, la saba, akapiga mistari.

Siku tano za kwanza alifika kabla mlinzi wa maduka hajafungua geti. Masanduku yalikuja, lakini wengi walisoma kibao, wakahesabu kwa vidole, wakaondoka. Wengine walibaki wakipunguza majina. Mwanamke mmoja alirudi mara tatu kuuliza kama Namukose Ramlah Zubairi, binti yake, hawezi kupata punguzo kwa kuwa majina ni matatu. Mwishowe alilipa elfu kumi na mia tano kwa herufi ishirini na moja, na uso wake haukuwa wa mtu aliyenunua kitu. Mwanaume aliyemfuata alikuwa na mtoto anayeitwa Okot. Alilipa elfu mbili, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi, siku ya sita, alikuja Opio, askari wa magereza. Alikuwa amevaa sare, na sanduku lilikuwa limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Binti yake Aber alitembea kando akilishika lisianguke. Aber alikuwa na miaka kumi na minne. Sanduku lilikuwa la zamani ila limepakwa rangi mpya ya buluu. Opio alilipaka mwenyewe. Ungeweza kujua kwa michirizi.

Alisema mtoto anakwenda shule Mbale, karibu na kwa bibi yake mzaa mama, na anataka jina kwenye kifuniko. Khainza akauliza jina gani. Opio akamtazama binti, na binti akasema polepole, "Aber Oliver Namono."

Khainza alihesabu. Nne, sita, sita. Herufi kumi na sita, elfu nane.

Opio alitoa noti ya elfu tano aliyokuwa ameikunja mara nne. Aliifungua juu ya meza na kuinyoosha kwa kidole gumba. Akasema kuna godoro bado, na ndoo, na nauli ya kwenda Mbale. Kisha yeye pia akahesabu, midomo ikitikisika.

"Aber Oliver ni kumi," alisema. "Kumi ni elfu tano. Madamu, acha hilo la mwisho. Hata kwenye fomu ya shule halipo."

"Sawa, afande," Khainza akasema.

Aber aliondoa mkono wake kwenye sanduku.

Khainza aliandika majina mawili kwenye kompyuta, akayakata kwa stika nyeupe, akang'oa. Kisha akachukua kitambaa chenye spiriti kufuta kifuniko, maana stika haishiki kwenye vumbi wala mafuta. Alipofika katikati, mkono ulisimama. Aliacha kitambaa akapitisha vidole vitupu. Chini ya rangi ya buluu kulikuwa na miinuko. Mtu aliyewahi kuandika kwa rangi ya mafuta anaijua miinuko hiyo. Rangi nzito ya brashi haifi kwa kupakwa nyingine juu yake. Alisoma kwa vidole, kutoka kushoto. Ilikuwa N, kisha A, kisha M. Aliendelea mpaka O ya mwisho.

"Hili lilikuwa la nani?" aliuliza.

Opio alivua kofia yake. Akaeleza kwamba mkewe aliitwa Namono, na kwamba sanduku hili ndilo alilokwenda nalo shuleni Mbale alipokuwa msichana. Alifariki Aber akiwa na miaka miwili. Bibi ndiye aliyelitunza sanduku miaka yote, akiweka humo nguo za marehemu, na ndiye aliyeanza kumwita mtoto kwa jina la mama yake. Mwezi uliopita alizitoa nguo, akalituma sanduku Jinja kwa basi.

Aber akasema, "Bibi alisema lisipakwe rangi. Baba alikuwa ameshapaka."

"Lilikuwa na kutu," Opio akasema. "Singempeleka mtoto na kutu."

Khainza aliwaambia wakanywe chai, warudi. Opio akasema hana haraka, atasubiri. Khainza akasema yeye ndiye asiyetaka haraka, na watu wakimsimamia mikono yake hukaza. Wakaenda.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma kuomba wembe, na ninaweza kusema alichofanya. Aliweka karatasi nyembamba juu ya kifuniko, akasugua kwa penseli mpaka miinuko ikaonekana. Aliyeiandika zamani hakuwa fundi mzuri. N ya kwanza iliegemea, O mbili hazikulingana, na alipofika mwisho alikuwa amebakiwa na nafasi ndogo, akazibana herufi. Khainza alizichora hivyo hivyo kwenye kompyuta, moja moja, na makosa yao. Akakata. Akapasha bati joto kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya jirani, ili stika ilale vizuri juu ya mwinuko, kisha akaweka kila herufi peke yake juu ya mama yake. ABER OLIVER ilikaa juu, imenyooka kama kazi zake zote. NAMONO ilikaa chini, imeegemea kidogo.

Watu wanne waliingia kuuliza bei wakati huo. Aliwaomba wasubiri, wawili waliondoka.

Waliporudi, Opio alitazama kifuniko, akasema, "Madamu, pesa yangu ilikuwa ya kumi."

Khainza akamwambia ameshapokea pesa yake. Aber aliinama, akaweka kiganja juu ya jina la chini, akakiacha hapo. Nilirudi dukani kwangu bila wembe.

Katika daftari, mstari wa siku hiyo unasomeka: ABER OLIVER NAMONO, 16, nyeupe, dakika 41, 5,000. Hakuna maelezo mengine. Chini yake amejumlisha siku sita: 306,000. Nusu ya njia ilipaswa kuwa 420,000.

Jumapili baada ya kanisa alikuja kwangu na daftari, akaniomba nimsomee tarakimu yeye akiandika. Alitaka kujua dakika tu. Nilimsomea Okot: herufi nne, dakika kumi na sita, elfu mbili. Nilimsomea Namukose Ramlah Zubairi: herufi ishirini na moja, dakika ishirini, elfu kumi na mia tano. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Tukaendelea ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali ilikuwa vile vile. Kuwasha kompyuta, kufuta sanduku, kupima katikati, kubeba, kusugua, hayo yote yalichukua muda ule ule, jina liwe la herufi nne au ishirini. Jina refu liliongeza dakika tatu au nne za sindano, basi. Majina mafupi yalikuwa yanaitia meza hasara, na majina marefu yalikuwa yanalipia hasara hiyo au yanakimbia.

Nyuma ya daftari alikuwa na orodha ya walioondoka. Walikuwa thelathini na saba kwa siku sita. Kisha akarudi kwenye safu ya maneno yaliyokatwa na kuanza kuweka alama ndogo ya penseli kando ya majina ambayo aliyakumbuka yalivyokuwa yalipoingia mlangoni. Timothy W. alikuja na majina matatu. N. Prossy alikuja na jina la shangazi yake. Aliweka alama kumi na tisa.

Aliweka penseli chini.

"Bei yetu inawafupisha watoto wa watu," alisema.

Nilimuuliza atafanyaje. Mayur alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mbale kusimamisha bango la hoteli, na angerudi Jumamosi. Kumpigia simu kungeleta jibu moja: kibao ni cha Baba. Khainza alijua hivyo, na alijua pia kwamba akikosea, hakuna tena siku sita za kurekebisha.

Jumatatu asubuhi alipanda kiti na kukishusha kibao. Mama Ansuya alikuwa ameketi mahali pake penye feni, kama kila siku tangu mumewe afariki, akichambua majani ya mchaichai kwa ajili ya chai. Aliona kibao mikononi mwa Khainza. Khainza alianza kueleza, na nadhani ni mara ya pekee niliyomsikia akisema maneno mengi bila kupumzika: dakika, Okot, sanduku la Namono, watu thelathini na saba. Mama Ansuya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yeye alihesabu herufi kwa sababu mkono wake ulichoka kwa herufi," alisema. "Kila moja. Usiku nilimkanda kwa mafuta. Hii mashine nani anaikanda?"

Akanyoosha mikono apewe kibao. Alikifuta kwa pindo la sari yake, akakiegemeza nyuma ya kiti chake mahali pasipofikiwa na ufagio.

Khainza aliandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi: JINA LA MTOTO, MSTARI MMOJA, 6,000. LIWE FUPI AU REFU.

Saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Mwanaume mwenye sanduku jeusi alikuja kwa ajili ya mwanawe Otai, kwa kuwa alisikia kwa jirani kwamba herufi nne ni elfu mbili. Aliisoma kadibodi mara mbili.

"Yaani mimi nilipe sawa na huyu?" aliuliza, akimwonyesha mwanamke aliyekuwa amemtajia Khainza majina matatu marefu. "Jina la mtoto wake ni refu kama reli ya Tororo."

Mwanamke hakugeuka. "Na wewe ongeza la babu," alisema. "Nani amekukataza?"

"Babu yake alikuwa mlevi."

"Basi la bibi."

Watu wakacheka, na yule mwanaume pia, bila kupenda. Alisimama akifikiri. Mwishowe alimwambia Khainza aandike Otai Emmanuel Ikiror, akaeleza, ingawa hakuulizwa, kwamba Ikiror alikuwa mlevi lakini ndiye aliyemsomesha. Alilipa elfu sita.

Ikawa hivyo wiki nzima. Watu walisimama kwenye foleni wakiulizana majina. Baba mmoja alimpigia simu mama yake kijijini kuuliza jina kamili la mjomba. Msichana mmoja aligundua hapo mezani kwamba ana jina la tatu. Hawakukosekana wenye kununa, na wengine wenye majina mafupi waliondoka. Khainza aliwaandika nyuma ya daftari, walikuwa kumi na mmoja. Aliacha kula mchana. Vidole vyake viwili vilipasuka kwenye ncha kwa sindano, akavifunga kwa stika nyekundu iliyobaki, akaendelea.

Jumamosi jioni alijumlisha. Majina themanini na manne kwa siku sita, laki tano na elfu nne. Akaongeza zile laki tatu na elfu sita za wiki ya kwanza. Ikawa laki nane na elfu kumi. Elfu thelathini zilipungua. Alijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, jinsi alivyofundishwa na mzee, akapata kile kile.

Mayur alifika saa kumi na moja na nusu, vumbi la njia ya Mbale likiwa bado kwenye nyusi zake. Mkononi alikuwa na futi ya chuma. Alisalimu, akaona kadibodi ukutani na pengo la rangi iliyofifia mahali kilipokuwa kibao, akasimama.

"Kibao cha Baba kiko wapi?"

"Kiko kwangu," mama yake alisema. "Soma kwanza daftari."

Khainza alimpa daftari na kukaa mbali, mikono mapajani. Alimwambia mapema, asije akadhani anafichwa, kwamba haikufika. Imepungua elfu thelathini. Mayur akasoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kona ile ile alikokuwa akifanyia hesabu zake za shule. Alisoma ukurasa wa dakika tuliouandika Jumapili. Alitoa simu yake akagawanya, akagawanya tena.

"Anti, wiki ya pili peke yake ni elfu themanini na nne kwa siku," alisema.

"Ndiyo."

"Tangu mashine ije, miaka kumi na miwili, tumekuwa tukifanya hivi?"

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyesomea biashara."

Mama Ansuya akasema kwa upole kwamba ada ya hayo masomo ilitoka kwenye herufi za shilingi mia mbili. Mayur alikubali kwa kichwa. Kisha kidole chake kilishuka kwenye ukurasa wa wiki ya kwanza, kikasimama.

"Hii hapa. Dakika arobaini na moja, elfu tano. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Ilikuwa nini?"

Khainza alifungua droo, akatoa ile karatasi aliyosugua kwa penseli. Alimwekea mezani, akamweleza kwa maneno machache. Mayur aliitazama N iliyoegemea. Akaigeuza karatasi, akairudisha.

"Kazi kama hii unaiwekea bei gani?" aliuliza, na haikuwa lawama, alikuwa anauliza kama anavyouliza fundi.

"Nimejaribu," Khainza akasema. "Sijui."

Mayur aliinuka na kufungua futi yake ya chuma. Hakupima meza. Alipima ukuta wa feni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mama yake, akasema mashine itaingia hapa kama Mama atakubali kusogea. Mama Ansuya akauliza asogee wapi. Mayur akaonyesha kando ya meza ndogo. Mama Ansuya alikwisha kushika kiti chake kabla hajamaliza kusema, na kibao kikaenda naye.

Orodha ya bei iliyopo ukutani leo aliipanga Mayur mwenyewe, Machi. Khainza alimpa mistari miwili, wa majina na wa namba za mitumbwi. Mayur aliongeza wa tatu bila kumwambia, akaukata na kuubandika usiku mmoja kabla hajaenda Mbale: SANDUKU LA ZAMANI, MWONE KHAINZA. Hakuna tarakimu mbele yake.

Opio alipita mwanzoni mwa Mei, shule zilipofungwa. Hakuwa na kazi ya kufanyiwa, alikuja kusalimu. Alisimulia kwamba alipompeleka Aber, walipitia kwanza kwa bibi, na bibi hakufurahi kuona rangi ya buluu. Aligeuza uso. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kisha alikaa karibu na sanduku, akaweka mkono kwenye kifuniko, akatafuta. Alipoipata N, alipitisha kidole taratibu mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Akauliza ni nani huko Jinja aliyemjua binti yake.

Khainza alisikiliza akiwa ameshika sindano.

"Zile kingo," alisema mwishowe. "Hazijaanza kubanduka?"

Opio akasema hazijabanduka, hata moja. Khainza alifungua daftari la saba, akarudi nyuma mpaka Jumamosi ile ya Februari, na katika nafasi iliyobaki mwishoni mwa mstari akaandika kwa herufi ndogo: Mei, bado zimeshika.